Drili ya betri kwenye winchi za boti ya matanga: kuna aliyejaribu?

Mwanamaji_Msasani

Habari zenu wanabahari. Naomba majibu ya waliofanya, si ya waliosikia.

Nafanya kazi kwenye boti ya matanga ya futi 40, mlingoti mmoja, tunaegesha Msasani hapa Dar. Tunabeba wageni: Mbudya, Bongoyo, mara moja moja Zanzibar. Mabaharia ni wawili, mimi na kijana mmoja, na wageni wakishakuwa wengi kijana anakuwa wa jikoni kuliko wa kamba. Kwa hiyo tanga kubwa napandisha mimi. Bega langu la kulia limekuwa likinisumbua tangu mwaka jana, na daktari amenikataza kuzungusha kitu kizito juu ya usawa wa kifua. Winchi ya henza sasa (ngoma ya kuzungusha kwa mkono, inayovuta kamba ya kupandishia tanga) ipo juu ya paa la chumba, yaani mkono wake ukizunguka unapita mle mle nilimokatazwa. Bosi nimemwomba winchi ya umeme. Akaitazama bei, akasema "tutaona". Mliowahi kuajiriwa mnajua maana yake.

Kusi la mwaka huu walitia nanga pembeni yetu wazee wawili wa Kifaransa, mtu na mkewe, wametokea Mayotte. Asubuhi wanaondoka, yule bibi (miaka sabini haikosi) katoka na drili ya betri, kaichomeka kwenye winchi, vrrrr, tanga hilo mpaka juu, na muda wote anamgombeza mumewe kuhusu nanga. Chai yangu ilipoa mkononi.

Winchi zetu ni Lewmar za gia mbili zinazojishikia kamba zenyewe, namba 40 kwenye henza na namba 48 kwa demani, zile kamba za kuongozea tanga la mbele. Drili ninayo, Makita ya volti 18, DDF484, nilinunua Kariakoo kwa kazi za mbao. Je, hiyo itaweza au nitaiunguza? Kile kipande cha kuchomeka kwenye winchi nakipata wapi hapa mjini? Winchi haitaharibika? Halafu taa ya juu ya mlingoti imekufa: naweza kumpandisha kijana kwa hiyo drili akaibadilishe?

Kasa_Mkavu

Zamani tulikuwa tunaita "vijana eeh!", sasa tunaita betri. Dada, ajiri baharia wa tatu, ana nguvu za farasi na anakula wali tu, hahitaji chaja.

Mwanamaji_Msasani

Kaka Kasa, mshahara wa huyo wa tatu utautoa wewe? Basi mlete kesho alfajiri.

FundiMtwapa

Dadangu, naanza na swali lako la mwisho maana hilo ndilo la kuua mtu. Binadamu hapandishwi mlingotini kwa drili. Drili haijui kama inavuta tanga au mguu wa mtoto wa watu ulionasa chini ya mkono wa mlingoti (ule upau wa ubavuni), yenyewe itavuta tu. Tena huna haja nayo. Ile namba 40, kwa winchi nyingi, maana yake ni kwamba kwa mkono wa inchi 10 na gia nzito, ukisukuma kilo moja kamba inavuta kama kilo 40, kabla hujatoa msuguano. Kijana wa kilo 70 ni kilo mbili mkononi mwako, haya, weka tatu au nne kwa ajili ya msuguano wa roda (makapi) na kamba. Zungusha kwa mkono, polepole, na mtu mwingine anayejua kazi ashike henza ya pili iliyofungwa kwenye mkanda wa huyo kijana. Ama bega likikataa kabisa, azungushe yeye, upande wewe. Hilo limekwisha.

Sasa nguvu. Watu huuliza "volti ngapi?" Volti si hoja. Hoja ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inapimwa kwa nyutoni-mita (Nm), na imeandikwa kwenye kijitabu cha drili yako: 54 na 30. Hiyo 54 Nm ni ya kufunga skrubu kwenye kitu kigumu, kishindo cha nukta moja. Hiyo 30 Nm ndiyo ya kazi laini inayoendelea, na winchi ni kazi inayoendelea. Ukitaka kujua ni kiasi gani, chukua mkono wa winchi wa inchi 10, ambao ni sentimita 25.4: 30 Nm ni sawa na kuusukuma mwisho wake kwa kilo 12. Mwanamume mwenye nguvu, amesimama vizuri, anasukuma kilo 25, yaani kama 62 Nm. Kwa hiyo drili yako ni nusu ya mwanamume. (Kasa Mkavu asikasirike.) Lakini huyo nusu mwanamume hachoki, na anazunguka haraka kuliko mtu yeyote, na hapo ndipo penye siri ambayo wengi hawaijui.

Mtu akizungusha kwa mkono huanza na gia nyepesi, kamba ikikaza anageuza upande anaingia gia nzito. Kwa drili usifanye hivyo. Anza na gia nzito, maliza na gia nzito. Drili yako kwenye nafasi namba 1 inazunguka mara 500 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Tuseme chini ya mzigo inashuka hadi 300. Gia nzito ya winchi namba 40 ni kama mizunguko sita ya mkono kwa mzunguko mmoja wa ngoma, kwa hiyo ngoma inazunguka mara 50 kwa dakika. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 7.6 inakula karibu sentimita 24 za kamba kila mzunguko. Piga hesabu: mita 12 kwa dakika. Henza ya boti ya futi 40 ni mita kumi na tatu, kumi na nne. Dakika moja na ushee tanga limefika, drili haijapata joto, na kamba haijakurukia usoni. Ukitumia gia nyepesi kwa drili, kamba inakuja kwa kasi ya kukata vidole, na likija zito kidogo injini ya drili inakwama. Injini ikikwama huku umebana kitufe, hapo ndipo huungua. Kuzunguka na mzigo hakuiunguzi, kukwama ndiko kunakoiunguza.

Kifundo cha mkono sasa. Hapa nataka unisikilize kweli, maana wewe tayari una bega. Winchi ikigoma ghafla, torki yote inarudi kwenye mwili wa drili, na drili inataka kuzunguka yenyewe. Mshikio wa bastola wa drili upo kama sentimita 10 tu kutoka katikati ya mzunguko. 54 Nm kwa sentimita 10 ni kilo 55 zinazokupiga kiganjani bila taarifa. Ndiyo maana mafundi wa Ulaya na Marekani wanaofanya kazi hii wanapenda drili ya kichwa cha pembe, ile ambayo biti inatoka ubavuni: mwili wake wenyewe ni mkono mrefu. Ile Milwaukee ya volti 28 ya pembe imekuwa maarufu kwenye boti kwa sababu hiyo tu. Ukishika sentimita 30 kutoka katikati, zile kilo 55 zinakuwa 18. Kwa drili yako ya kawaida, dawa ni mshikio wa pembeni. Kama haukuja nao, tafuta bangili ya chuma inayobana shingo ya drili, fungia bomba la sentimita 40, na bomba hilo liegemee kitu kisichotikisika: nguzo ya ngazi, ukingo wa paa, chochote. Likishaegemea, winchi ikigoma drili inasukuma boti badala ya kukusukuma wewe. Ile pete yenye namba 1 mpaka 21 kwenye shingo ya drili ndiyo klachi, inayoachia mzigo ukizidi: iache katikati kwanza, halafu panda kidogo kidogo mpaka ipandishe tanga bila kulia trrrr mapema. Usiiweke kwenye alama ya kutoboa, hapo klachi haipo.

Na usinunue drili kubwa zaidi kwa tamaa. DDF481 ina 115 Nm. Kwa mshikio wa bastola hiyo inavunja kifundo mchana kweupe.

Kipande cha kuchomeka: tundu la winchi karibu zote za kisasa ni la nyota ya pembe nane, na ndani linapokea mraba wa milimita 17.5. Ulaya na Marekani vinauzwa vimeshatengenezwa. Kwako Dar nenda mtaa wa Gerezani kwa fundi mkereza vyuma, umchukulie mkono wa winchi mbovu kama kipimo. Akukatie chuma cha pua kichwa cha mraba, na shina la milimita 13 (au kumi na mbili na nusu) lichongwe bapa tatu, maana kinywa cha drili kina meno matatu, shina la mviringo litateleza. Katikati aweke bega, kisahani kipana kuliko tundu, ili kipande kisizame na kisiyumbe. Mwambie asifanye kibane sana. Kiingie na kutoka kwa mkono mmoja, maana kuna siku utataka kukitoa haraka.

Kuharibu winchi: hapana. Gia zile zimeundwa kubeba mtu mzima aliyelalia mkono kwa mwili wote. Kilo 50 mwisho wa inchi 10 ni 125 Nm, drili yako haifiki hata nusu. Kinachoua winchi ni uchafu. Vile vimeno vidogo vya ndani vinavyozuia ngoma isirudi nyuma, watu wanavipaka grisi nzito, grisi inaganda na chumvi, kimeno kinalala, na siku kikilala chini ya mzigo ngoma inarudi kama tiara iliyokatika uzi. Vimeno ni mafuta mepesi tu. Grisi ni ya meno ya gia, tena kidogo. Kabla ya kuanza haya mambo ya drili, fungua winchi zote, osha, paka upya.

La mwisho nalo ndilo kubwa, nimeliweka chini ili msome mpaka hapa. Ukivuta kwa mkono unajua kila kinachotokea juu. Ubao wa tanga ukinasa kwenye kamba za pembeni, unasikia. Henza ya mbele ikijizungusha kwenye waya wa mbele wakati wa kuviringisha tanga, unasikia. Kwa drili husikii kitu, unasikia kelele. Nimeletewa boti Mtwapa hapa ambayo bomba la kuviringishia tanga limesokotwa juu kabisa, kwa sababu mtu alikuwa chini na mashine mkononi akidhani upepo ndio mzito. Kwa hiyo: drili kwa masafa marefu mepesi, yaani kupandisha tanga. Macho yako yawe juu, kwenye tanga, si kwenye winchi. Nusu mita ya mwisho toa drili, tia mkono wa winchi, kaza kwa mkono. Bega lako litamudu nusu mita. Kuviringisha tanga la mbele, kwa mkono siku zote.

MtotoWaKilifi

Fundi heshima yako, ila mbona mnahangaika na mabomba na bangili? Mimi hapa Kilifi natumia impakti, ile inayogonga, ya kufungulia nati. Hairudishi nguvu mkononi hata kidogo, mtoto anaweza kuishika. Kipande chake kidogo chembamba kinaingia moja kwa moja. Winchi namba 44, inapanda tu.

FundiMtwapa

Kijana, kweli hairudishi, sikukatalii. Impakti inapiga nyundo za mzunguko, mshindo wake unaishia ndani, mkono hausikii. Lakini hiyo ndiyo kasoro yenyewe! Mkono hausikii hata tanga linapochanika. Drili ya kawaida ikikutana na ugumu angalau inakusukuma, unajua kuna jambo. Halafu shina lile la pembe sita la robo inchi ni jembamba kwa kazi hii, likikatika kichwa kinabaki ndani ya winchi na wewe una tanga nusu juu na upepo wa saa tisa unaingia. Na kelele: wageni wa dada Msasani wamelipa pesa kusikia mawimbi. Ukishindwa kuacha, tumia impakti yenye shina la nusu inchi, na fungua winchi zako uangalie beringi mara nyingi kuliko mimi.

MtotoWaKilifi

Kelele nakubali. Mbwa wa jirani yangu wa nanga anaruka majini.

Pwani_Southampton

Salamu kutoka Uingereza. Nimezaliwa Tanga, sasa nafanya kazi gati ya boti huku kusini, na vitu hivi naviona kila wiki. Wazee wengi huku wasingekuwa wanatoka baharini bila hivyo, kwa hiyo dada usione haya.

Kuna mikono ya umeme iliyotengenezwa makusudi: Ewincher ya Wafaransa na WinchRite ya Waaustralia. Inaingia kwenye tundu kama mkono wa kawaida. Ewincher ina uzuri mmoja: unaweza kuizungusha kama mkono wa kawaida betri ikiisha, au kuzungusha na kubonyeza kwa pamoja. Bei yake ukimwonyesha bosi wako "tutaona" itageuka "nenda". Drili pia inakutobolea mbao, hiyo ni faida ambayo mikono hiyo haina.

Mawili ambayo Fundi hakuyagusa. Kwanza, kama mnashiriki mashindano ya klabu, ulizeni. Kanuni ya 52 ya mashindano ya matanga inataka kamba na milingoti viendeshwe kwa nguvu za mabaharia peke yake, labda maelekezo ya shindano hilo yaseme vinginevyo. Huku wazee wa mbio za Jumatano wanaifahamu hiyo kanuni kwa moyo, hasa wanaposhindwa na mwenye drili.

Pili, betri. Wengi mnaagiza kwa ndugu walio nje. Betri ya lithiamu ya akiba haiingii kwenye mzigo wa chini ya ndege, lazima iwe mkononi, na mpaka wa kawaida ni saa-wati 100. Volti 18 mara ampea-saa 5 ni 90, inapita. Volti 18 mara ampea-saa 6 ni 108, hiyo ni mpaka shirika la ndege likubali. Nimeona mtu akinyang'anywa. Agiza za 5.

Na usijali kuhusu chaji. Tanga lenu kubwa pamoja na mbao zake labda ni kilo 30. Kulinyanyua mita 14, hata ukizidisha mara tatu kwa msuguano, haifiki saa-wati 4. Betri moja ya 90 inapandisha tanga zaidi ya mara ishirini kwenye karatasi, na hata ukipata nusu ya hiyo bado ni wiki ya kazi. Kuichaji kwa invata kutoka betri za boti ni kama ampea-saa 9 za volti 12. Friji yenu inakula zaidi kabla ya saa sita mchana.

Nahodha_Mstaafu

Assalaam aleikum. Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi nasema.

Nimeendesha majahazi, Unguja mpaka Lamu na kurudi, kaskazi kwa kusi. Hatukuwa na winchi. Foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake ni mzigo wa kutisha, henza inapita kwenye kapi la gofia juu ya mlingoti, chini kuna kapi la abedari, na watu wanavuta kwa pamoja kwa kuitikia. Yule wa mbele kabisa kwenye kamba hakuwa mwenye nguvu kuliko wote. Alikuwa ndiye anayetazama juu. Akinyamaza, wote wananyamaza, hata kama hawajui kwa nini.

Mwanangu wa Msasani, mashine tumia. Bega halinunuliwi Kariakoo. Ila mtafute wa kutazama juu. Huyo kijana wako atoke jikoni dakika moja.

Mwanamaji_Msasani

Shikamoo mzee, na asante. Hilo la kijana nimelichukua kama lilivyo: sasa tanga halipandi mpaka yeye asimame chini ya mlingoti mikono kiunoni, akisema "twende" ndipo nabonyeza, akinyanyua mkono naachia. Sufuria itasubiri.

Nirudishe taarifa kwa wote. Gerezani nilienda na mkono wa zamani. Fundi alinikerezea kipande siku hiyo hiyo, ila kwanza alitaka nimwambie ni cha mashine gani, nilivyomwambia ni cha boti akaita wenzake waje wamwone mwanamke mwenye boti. Nikamwacha aamini hivyo mpaka tulipofika kwenye bei, hapo nikamkumbusha mimi ni mwajiriwa.

Winchi nilifungua zote. Fundi Mtwapa, ile ya demani ya kushoto ilikuwa na grisi nyeusi imekauka kama halua ya Idi, na kimeno kimoja kimelala kabisa. Ingekuwa siku moja ya kubisha kurudi kutoka Zanzibar na tanga la mbele limejaa, sijui.

Kupandisha: gia nzito kama ulivyosema, klachi nimefika 17, bomba limeegemea ukingo wa paa, mimi nimesimama juu yake na kiwiko kimebanwa ubavuni, bega halijui kama kuna kazi. Inachukua kitu cha dakika moja na nusu. Nusu mita ya mwisho kwa mkono. Wageni wanatoa simu kupiga picha ya drili badala ya kisiwa. Bosi amekuja kuona, akafurahi, akasema "unaona, hatukuhitaji winchi ya umeme." Nikakaa kimya.

Tatizo moja. Gia nzito ya winchi zangu ni kuzungusha kinyume cha saa, maana yake drili inazunguka kinyume. Baada ya muda kinywa cha drili kinalegea, mara kinaachia kipande, na juzi kinywa chote kilianza kucheza kwenye shingo yake. Nimekaza kwa nguvu zote, kinarudi kulegea. Drili imekufa?

FundiMtwapa

Haijafa. Kinywa cha drili kimefungwa kwenye shingo kwa nyuzi za kawaida, kwa hiyo ukizungusha kinyume chini ya mzigo unakifungua pole pole kama kizibo. Watengenezaji wanalijua hilo, wameweka skrubu ya kukizuia. Fungua meno yote mpaka mwisho, tazama ndani kwa tochi, utaiona katikati chini kabisa. Skrubu hiyo imekatwa nyuzi za kushoto, kwa hiyo kuikaza unageuza kinyume cha saa. Ukigeuza kama skrubu nyingine utakuwa unaitoa. Itoe kwanza kabisa, safisha, kaza kinywa chenyewe kwenye shingo kwa kugeuza upande wa saa, tia tone la gundi ya nyuzi ile ya rangi ya samawati, halafu rudisha skrubu na uikaze. Gundi ikae usiku mzima.

Kipande kuachia ni jambo jingine: angalia kama bapa tatu zinakutana sawasawa na meno matatu, kila jino juu ya bapa lake. Ukishakaza kinywa mpaka mwisho kilie kr-kr-kr, kaza tena mara ya pili. Na mwambie yule wa Gerezani azipunguze bapa kidogo zaidi, ziwe na ngazi mwishoni, ili hata meno yakilegea kipande kisichomoke drili inapovutwa juu.

Ukimaliza kazi drili isilale nje. Kitambaa chenye mafuta kidogo, mfuko wa plastiki wa kufunga, ndani ya kabati la chumba. Maji ya chumvi yakishaingia kwenye kitufe inaweza kujiwasha yenyewe, na hilo hutaki litokee ukiwa umeshaichomeka.

Mwanamaji_Msasani

Skrubu nimeiona. Ilikuwa imetoka nusu. Naomba jina la hiyo gundi kwa Kiswahili cha dukani, maana muuzaji wangu ukimwambia "gundi ya nyuzi" atanipa ya viatu.

Kasa_Mkavu

Mwambie ya kuzuia nati zisilegee, yenye chupa nyekundu na maji ya bluu ndani. Nyekundu ndani usichukue, hiyo hutafungua tena mpaka uitie moto. Nilikuwa fundi magari kabla sijawa kasa.